Nani amehesabu rimu yako? Mashine ya kupanga shiti na hesabu zake Songea

Kila rimu ya A4 inayouzwa katika maduka ya steshenari ya Mjimwema, Manispaa ya Songea, imeandikwa kwenye ganda kwamba ina shiti 500. Mnunuzi hukubali. Muuzaji naye hukubali, na ni nadra kumwona mwenye duka la jumla akifungua rimu moja ili ahesabu kabla ya kulipia mzigo. Biashara nzima ya karatasi imesimama juu ya imani hiyo, na imani yenyewe imesimama juu ya mashine ambayo wafanyabiashara wengi hawajapata kuiona: ile inayopanga shiti katika mafungu yenye idadi kamili.

Tuchukue mwenye mashine ya fotokopi anayetumia rimu 40 kwa mwezi. Rimu hizo zikipungua shiti 10 kila moja, amelipia shiti 400 ambazo hakuzipata. Wako wanaokokotoa hasara hiyo kwa bei ya kutoa kopi, lakini hesabu hiyo inakuza mambo, kwa sababu mwenye duka atanunua karatasi nyingine na kopi atazitoa. Anachopoteza ni bei ya karatasi. Tuseme rimu inauzwa shilingi 12,000. Shiti 400 ni shilingi 9,600 kwa mwezi, yaani shilingi 115,200 kwa mwaka. Si fedha ya kufunga duka, ila kwa mtaji mdogo ni fedha inayotosha kulipia fundi wa mashine yake.

Kiwandani mambo huenda hivi

Karatasi haizaliwi ikiwa shiti. Hutoka kwenye mtambo ikiwa utepe mpana unaovingirishwa katika roli lenye uzito wa tani kadhaa. Roli hilo hupachikwa kwenye mashine ya kukata, ambapo kisu kinachozunguka hukata utepe kwa urefu uleule kila mzunguko. Shiti zikishakatwa huingia kwenye mikanda inayokwenda polepole kuliko kisu, kwa hiyo hulaliana kama vigae vya paa. Hilo hufanywa kwa makusudi: shiti ikifika kwenye rundo kwa mwendo wa kisu ingejikunja au kuruka, lakini ikija polepole hutua mahali pake. Pembeni kuna vibao vinavyogongagonga rundo ili kingo zilingane.

Kuhesabu kwenyewe ni rahisi kuliko inavyodhaniwa. Mashine haihesabu shiti, inahesabu mizunguko ya kisu. Roli nne zikilishwa kwa pamoja, kila mkato unatoa shiti nne, na mikato 125 inatoa 500. Roli tano zinahitaji mikato 100. Lakini roli zikiwa sita, 500 haigawanyiki: mikato 83 inatoa 498 na mikato 84 inatoa 504. Mwenye kiwanda hapo ana mambo matatu ya kuchagua, ama apunje, ama azidishe, ama apunguze roli. Akizidisha shiti nne katika kila rimu, kwa rimu 4,000 ametoa bure shiti 16,000, sawa na rimu 32. Ndiyo maana idadi ya roli si jambo la fundi peke yake, ni la mhasibu pia.

Kazi ngumu ni kutenganisha. Shiti ya 500 na ya 501 zinafuatana bila nafasi, na mashine haiwezi kusimama kila rimu. Mbinu moja ni kupenyeza kipande cha karatasi cha rangi kila idadi inapotimia, ili mfanyakazi baadaye avute fungu kwenye alama hiyo. Mbinu nyingine ni ya vidole vya chuma vinavyoingia juu ya fungu lililotimia na kubeba shiti zinazoendelea kuja, wakati fungu la chini linaondolewa na mkanda. Likishaondoka, vidole huchomoka na shiti zilizobebwa hushuka kuanza fungu jipya. Vidole hivyo vikichelewa hata kidogo, fungu moja linapata shiti za mwenzake. Makosa mengi ya idadi yanazaliwa hapo, wala si kwenye kisu.

Kwa karatasi ambazo tayari zimekatwa kuna mashine nyingine, yenye kijiti kinachofyonza hewa. Kijiti huzunguka kwenye pembe ya rundo kikifyonza na kuachia karatasi mojamoja, na kila inayopita inahesabiwa. Rundo lenyewe halisogei. Mabenki hutumia jamii hiyo ya mashine kuhesabu noti zilizokwisha fungwa katika mabunda ya 100, bila kukata utepe wake. Mashine za mezani zinazoonekana kwa mawakala wa fedha ni za aina tofauti, kwani hizo huvuta noti na kuzipitisha mojamoja kutoka upande mmoja kwenda mwingine.

Kwa nini kiwanda hakiwezi kuishi bila mashine hizi? Shiti ya A4 ya gramu 80 kwa mita ya mraba ina uzito wa gramu 5. Tani moja basi ni shiti 200,000, au rimu 400. Kiwanda kinachokata tani 10 kwa zamu kina rimu 4,000 za kuhesabu. Mtu akitumia dakika nne kwa rimu, hizo ni dakika 16,000, kazi ya watu zaidi ya 33 kwa zamu ya saa nane, na bado makosa yao ni ya kibinadamu.

Karatasi ya hapa jirani

Songea haiko mbali na historia ya karatasi nchini. Mgololo, wilayani Mufindi, serikali ilijenga kiwanda cha Southern Paper Mills kilichoanza kazi katika miaka ya 1980, kikitegemea misonobari ya Sao Hill na kikiwa na uwezo uliokusudiwa wa tani 60,000 kwa mwaka. Kama mashirika mengi ya umma, kilisuasua na kusimama katika miaka ya 1990, na mwaka 2004 kiliuzwa kwa Rai Group ya Kenya, kikawa Mufindi Paper Mills. Kundi hilohilo lilichukua mwaka 2016 kiwanda cha Webuye, Kenya, kilichofungwa mwaka 2009. Mgololo ya sasa inafahamika zaidi kwa karatasi ngumu ya kahawia kuliko rimu nyeupe, na sehemu kubwa ya A4 iliyoko madukani inatoka nje, zikiwamo Indonesia, Thailand na Afrika Kusini. Maana yake kwa mwenye duka wa Mjimwema ni kwamba mashine iliyohesabu rimu yake iko ng'ambo, na malalamiko yake hayawezi kufika huko.

Anachoweza ni kupima. Rimu ya A4 ya gramu 80 inapaswa kuwa na kilo 2.5 bila ganda. Ya gramu 70 ni takriban kilo 2.18. Tofauti hiyo mizani ya kawaida ya dukani inaiona bila shida, na hapo ndipo mizani inapolipa: kumnasa anayeuza gramu 70 kwa bei ya gramu 80, udanganyifu wenye thamani kubwa kuliko shiti 10 zilizopungua. Boksi la rimu tano hupimwa kwa mara moja.

Hata hivyo mizani isitumiwe kudai shiti mbili tatu. Karatasi hunyonya unyevu. Ikiongeza unyevu wa asilimia moja tu ya uzito wake, rimu inaongezeka gramu 25, ambazo ni sawa na shiti tano. Rimu iliyokaa stoo ya Songea mwezi Februari, mvua zikiwa zimekolea, haiwezi kuwa na uzito sawa na iliyokaa hapo Septemba. Aidha kiwanda chenyewe hakigongi gramu 80 kamili kila siku. Anayetaka uhakika wa shiti hana budi kufungua rimu moja katika kila boksi kadhaa na kuihesabu kwa mkono. Ikiwa upungufu unajirudia, Wakala wa Vipimo ndio mlango wa kubisha, kwa kuwa Sheria ya Vipimo, Sura 340, inagusa pia bidhaa zilizofungashwa.

Mpiga chapa mdogo anunue?

Hapa ndipo penye swali la fedha. Mkoa wa Ruvuma una desturi ndefu ya uchapaji kutokana na kiwanda cha chapa cha misheni ya Wabenediktini huko Peramiho, na mjini wapo wapiga chapa wadogo wanaotengeneza vitabu vya risiti, hati za mizigo, kadi na mitihani ya shule. Mashine ndogo ya kuhesabu inavutia machoni mwa mtu wa aina hii. Tumpe hesabu ya kufikirika.

Oda ni vitabu 200 vya risiti, kila kimoja seti 50 za nakala mbili. Hizo ni shiti 20,000, sawa na mafungu 40 ya 500. Kwa dakika nne kila fungu, kazi inachukua dakika 160, theluthi moja ya siku. Ikiwa mhesabuji analipwa shilingi 10,000 kwa siku, gharama ya kuhesabu oda nzima ni kama shilingi 3,300. Hiyo ndiyo akiba ya ujira. Ongeza akiba ya makosa: tuseme oda moja kati ya 20 inarudishwa kwa sababu namba zimeruka au karatasi imepungua, na kuirudia kunagharimu shilingi 60,000. Wastani ni shilingi 3,000 kwa oda. Jumla mashine inaokoa shilingi 6,300 kwa oda.

Mpiga chapa mwenye oda tatu kwa wiki ana oda 156 kwa mwaka, na mashine inamwokolea shilingi 982,800. Sasa tuseme mashine ni shilingi milioni 6, nayo imenunuliwa kwa mkopo wa riba ya asilimia 18. Riba ya mwaka wa kwanza peke yake inakaribia shilingi 1,080,000. Akiba haifikii hata riba, sembuse mkopo wenyewe. Ili kuulipa mkopo huo katika miaka mitatu, na kutenga shilingi 300,000 za vipuri kila mwaka, anahitaji oda zipatazo 486 kwa mwaka, yaani zaidi ya tisa kwa wiki. Asiyezipata anunue mashine kwa ajili ya majirani pia, wapiga chapa watatu au wanne wakilipia kwa rundo, au aiache.

Ipo mbinu isiyogharimu chochote ambayo wengi hawaitumii ipasavyo. Shiti kubwa ya RA1, milimita 610 kwa 860, inatoa A4 nane. Anayehesabu shiti kubwa 500 kabla ya kukata anapata rimu nane kwa kuhesabu mara moja, na dakika 32 zinakuwa nne. Hatari yake ni kwamba kosa la shiti moja nalo linajizidisha mara nane, kwa hiyo rundo hilo lihesabiwe na watu wawili tofauti. Bado ni nafuu.

Ukokotoaji wa zamani wa madaftari unafuata mantiki hiyohiyo. Kwaya moja ni shiti 24. Zikikunjwa katikati zinakuwa karatasi 48, kurasa 96. Ndiyo sababu kaunta buku ya kwaya mbili ina kurasa 192, ya tatu 288, na ya nne 384. Mzazi anayetaka kujua kama ameibiwa ahesabu karatasi na kuzidisha kwa mbili.

Umeme na soko

Kikwazo kimoja cha miaka ya nyuma kimepungua. Songea ilitegemea jenereta za dizeli kwa muda mrefu, pamoja na umeme wa maji wa masista wa Chipole kutoka Tulila ulioanza kuuzwa kwa TANESCO mwaka 2015, hadi mji ulipounganishwa na gridi ya Taifa mwaka 2018 kwa njia ya kilovoti 220 kutoka Makambako. Mashine inayotegemea mwendo sawa wa mota na pampu ya kufyonza sasa ina mahali pa kusimama.

Soko lenyewe ndilo limegeuka. Mashine za kielektroniki za risiti zilizoanza kutumika kwa walipa kodi mwaka 2010 zimekula kazi ya vitabu vya risiti, ambayo ndiyo ilikuwa ikihitaji hesabu kamili kuliko zote. Kwa upande mwingine, marufuku ya mifuko ya plastiki ya tarehe 1 Juni 2019 yamefungua kazi ya mifuko ya karatasi, na mifuko huuzwa kwa mafungu ya idadi maalumu. Elimu bila ada tangu 2016 imejaza madarasa, na mitihani ya majaribio inachapwa kwa maelfu ya kurasa. Hizi zote ni kazi za kuhesabu, lakini ni za msimu, na mkopo wa benki hauna msimu.

Atakayeamua kununua mashine iliyotumika, asiridhike na kuiona ikizunguka. Apeleke rundo lake alilolihesabu mwenyewe mara mbili, aipitishie mara 10, na aandike idadi kila mara. Achanganye karatasi nyembamba ya nakala na karatasi nzito, kwani mashine nyingi hushindwa kwenye ile nyembamba inayong'ang'aniana. Aulize pampu na mpira wa kufyonza vinapatikana wapi, kwa bei gani na baada ya siku ngapi. Jibu likiwa ni kuagiza kutoka ng'ambo, bei ya mashine hiyo ishuke au mazungumzo yaishie hapo.