Plasenta previa: damu isiyouma, na kidole kinachokatazwa

Mwanafunzi wa uuguzi anapoanza staji kwenye maternite, iwe Katuba, Kenya ao Ruashi, kitu cha kwanza anachotaka kujua ni kupima njia kwa vidole. Ndivyo unajua mlango wa uzazi umefunguka sentimeta ngapi. Lakini kuna hali moja ambapo kidole hicho hicho kinaweza kuua mama na mtoto. Inaitwa plasenta previa.

Plasenta, ao kondo la nyuma, ndiyo inapitisha chakula na hewa toka kwa mama kwenda kwa mtoto. Kawaida inajishika juu kwenye ukuta wa mfuko wa uzazi. Kwa mama mmoja hivi kati ya 200, inajishika chini na kufunika mlango ambao mtoto anapaswa kupitia. Haitoke juu mama alibeba bidoni ya maji, wala juu alikosana na bwana yake. Wenye kuipata zaidi ni wamama waliokwisha kupasuliwa, waliozaa mara nyingi, waliopita myaka 35, waliosafishwa tumbo kisha mimba kutoka, ao wenye mapacha.

Kuanzia mwezi wa saba hivi, sehemu ya chini ya mfuko inaanza kuvutika. Plasenta yenyewe haivutike, inabanduka kidogo, na damu inatoka. Ni nyekundu, mbichi, na haiumi. Mama anaamka usiku, shuka limelowa, tumbo ni laini, mtoto anacheza kama kawaida. Wanafunzi wengi wanachanganya jambo hili na plasenta iliyokaa mahali pake lakini inabanduka mbele ya wakati. Kwa hiyo ya pili, tumbo linakuwa gumu kama ubao, maumivu ni makali, na damu inaweza kubakia ndani bila kuonekana.

Sasa kidole. Mimba ikikaribia kutimia, damu ya kupita nusu litre inaingia kwenye mfuko wa uzazi kila dakika. Ukiingiza kidole kwenye mlango uliofunikwa na plasenta, unaipasua. Kwa hiyo mimba ikivuka myezi mitano na damu ikatoka, hakuna kupima njia mpaka ekografi ionyeshe plasenta iko wapi. Mwanafunzi anaita mkubwa wake, wanalaza mama, wanamuwekea serum kwa sindano nene, wanasikiliza moyo wa mtoto, wanatafuta grupu ya damu. Wanahesabu pia mapigo ya moyo, sababu kwa mama kijana mapigo yanapanda mapema, tansio inaanguka nyuma. Ukiangalia tansio peke yake utasema yuko muzuri.

Hapa ndipo kelele na familia zinaanza: «Mama anatoka damu, na ninyi hamumupime?» Muuguzi aliyekataa kupima anaweza kuwa ndiye anayejua kazi. Basi awaelezee, kwa maneno mafupi.

Damu ya kwanza mara nyingi inakata yenyewe. Familia inashukuru Mungu, inarudi nyumbani. Mimi naona hapo ndipo hatari kubwa, sababu inaweza kurudi kwa nguvu zaidi, na hakuna anayejua siku. Wakati huo kati ya damu ya kwanza na ya pili ndio wa kumfikisha mama penye chumba cha upasuaji na damu ya kuongeza, kama Hospitali Jason Sendwe ao Cliniques universitaires. Maternite nyingi za mitaa hazina vyote viwili, na mvua ikinyesha barabara za komini Annexe kila mtu anazijua. Familia itafute mapema ndugu wawili watatu wenye kukubali kutoa damu.

Shirika la afya la dunia, OMS, tangu 2016 linashauri kila mama afanye ekografi moja mbele ya wiki ya 24. Kwetu wengi wanaenda kujua kama ni dume ao mwanamke. Uliza pia plasenta imekaa wapi. Ikiwa chini kwenye mwezi wa tano usihangaike: mara nyingi sana inapanda pamoja na mfuko unapokua. Rudia ekografi kwenye wiki ya 32. Kama ingali inafunika mlango, hakuna kulala na bwana, na mtoto atatolewa kwa kupasuliwa, kawaida kati ya wiki ya 36 na 37, bila kungojea uchungu.

Kuna swali moja mwanafunzi asisahau: «Mama, ulishapasuliwa mara ngapi?» Plasenta ya chini inaweza kuota ndani ya kovu na kukataa kutoka. Kwa mwenye plasenta previa aliyepasuliwa mara moja, hatari hiyo ni karibu 11 kwa 100. Aliyepasuliwa mara mbili, karibu 40 kwa 100. Andika jibu juu kabisa ya karatasi ya kumtuma mama hospitali, ili waganga watayarishe damu nyingi mbele ya kushika kisu.