Mzigo Uleule, Majibu Mawili

Ghorofa likimwagwa zege, chini ya slabu husimama msitu wa mirunda. Ukitazama vizuri utaona mafundi hawakuishia kuisimamisha tu. Katikati ya urefu wake wamegongelea mbao za kuiunganisha, huku na huku. Mbao hizo hazibebi zege. Lakini ziondoe, na mirunda ileile iliyokuwa imetulia chini ya mzigo inaweza kupinda na kuachia ghafla. Sababu yake iliandikwa mwaka 1744 na Leonhard Euler, mwanahisabati wa Uswisi: nguzo nyembamba ina kikomo cha mzigo, na kikomo hicho hupungua kwa mraba wa urefu. Refusha nguzo mara mbili, uwezo wake unashuka hadi robo. Izuie katikati isiyumbe, umeifupisha nusu, na uwezo unapanda mara nne.

Wengi huichukulia kanuni hii kuwa ni ya kuvunjika. Sivyo. Mti wenyewe bado mzima. Kinachotokea kwenye kikomo cha Euler ni kwamba hesabu iliyokuwa na jibu moja inapata majibu zaidi. Chini ya kikomo nguzo ina namna moja tu ya kukaa, nayo ni wima. Ukikivuka, inaweza kukaa wima, kupinda kushoto au kupinda kulia, na namna zote tatu zinatimiza milinganyo ileile. Ile ya wima inabaki halali kwenye karatasi, ila haivumilii hata mguso mdogo kabisa.

Wanahisabati wa mekanika wana maswali mawili wanayouliza kila mara: je, jibu ni moja tu? Na je, jibu hilo lina uthabiti, yaani likitikiswa kidogo litarudi mahali pake? Mtu wa nje atadhani la kwanza ni la wanafalsafa na la pili ni la wahandisi. Kumbe mara nyingi yanajibiwa kwa hila moja.

Hila hiyo aliitumia Mjerumani Gustav Kirchhoff mwaka 1859. Chukua kitu kinachonyumbuka, kibebeshe mzigo, kisha jifanye kwamba kuna majibu mawili tofauti. Toa moja katika jingine. Mzigo ni uleule kwa yote mawili, kwa hiyo kinachobaki baada ya kutoa ni kitu kisicho na mzigo wowote. Kisichobebeshwa kitu hakina nishati ya mnyumbuko, na kisicho na nishati hiyo hakijapinda popote. Tofauti ni sifuri, na yale majibu mawili yalikuwa moja tangu mwanzo. Uthibitisho mzima unaenea nusu ukurasa, na kwangu mimi ni kati ya vitu vizuri kuliko vyote katika hisabati ya uhandisi.

Una sharti lake, hata hivyo: umbo lisibadilike kiasi cha kugeuza namna mzigo unavyolielemea. Nguzo nyembamba inalivunja sharti hilo. Ikipinda kidogo tu, mzigo uliokuwa ukipita katikati yake sasa unapita pembeni na kuisukuma ipinde zaidi.

Tarehe 29 Agosti 1907 daraja la Québec, lililokuwa likijengwa juu ya mto St. Lawrence nchini Kanada, liliporomoka na kuua wafanyakazi 75. Siku chache kabla, wahandisi walikuwa wamepima mmoja wa mihimili ya chini, iliyokuwa imebanwa na uzito wa daraja, wakakuta upindo wake umekua kutoka kama sentimita 2 hadi zaidi ya 5. Ubishi ukazuka: umepinda sasa, au ulikuja umepinda kutoka kiwandani? Kwa anayeijua hesabu ya Euler, ubishi huo ulikosa shabaha. Upindo unaokua upesi kuliko mzigo ni dalili kwamba umbo lililonyooka linapoteza uthabiti. Kasoro ya kiwandani, kama ilikuwapo, inaamua tu upande wa kupindia. Theodore Cooper, mhandisi mshauri aliyekuwa New York, alituma telegramu kwa kampuni ya ujenzi kwamba mzigo usiongezwe. Haikuwafikia waliokuwa juu ya chuma.

Katika vimiminika hila ya kutoa bado inafanya kazi, ila inakuwa mashindano. Chukua mitiririko miwili ya maji inayotimiza milinganyo ileile, utoe mmoja katika mwingine, uangalie nishati ya tofauti yake. Mnato wa maji unaila nishati hiyo. Kasi ya mtiririko wenyewe inailisha. Maji yakienda polepole, au yakiwa mazito kama asali, mnato unashinda, tofauti inakufa, na mtiririko unakuwa mmoja tu, tena thabiti. Mmarekani James Serrin aliiweka hoja hiyo katika sura iliyo wazi mwaka 1959. Kasi ikizidi, hoja inanyamaza. Haisemi majibu ni mengi. Inasema tu kwamba haiwezi tena kuahidi kuwa ni moja.

Maabara ndiyo iliyojibu. Mwingereza Geoffrey Taylor, mwaka 1923, aliweka maji kati ya silinda mbili, moja ndani ya nyingine, akazizungusha. Ukizungusha ile ya ndani polepole, maji yanazunguka kwa utulivu. Ikifika kasi fulani, ambayo Taylor aliikokotoa kabla ya kuipima, utulivu unakatika na maji yanajipanga katika pete zinazojiviringisha, moja juu ya nyingine toka chini hadi juu.

Donald Coles wa California aliendelea kuzungusha. Mwaka 1965 alitangaza kwamba pete zenyewe nazo huanza kupiga mawimbi, na kwamba kwenye kasi ileile moja, ndani ya silinda zilezile, alipata hali tofauti zaidi ya 20. Idadi ya pete ilibadilika, idadi ya mawimbi ilibadilika. Hali ipi itokee ilitegemea mashine ilifikishwaje kwenye kasi hiyo: imeharakishwa ghafla, au imepandishwa pole pole, au imeshushwa kutoka juu. Ukipewa vipimo vyote vya silinda na kasi yake ya sasa, bado hujui kilichomo ndani mpaka uambiwe ya jana.

Je, milinganyo yenyewe ya mwendo wa vimiminika, ile ya Navier na Stokes, ukianza na maji yanayojulikana kila tone lilipo, inaweza kutoa matokeo mawili? Kwa mtiririko wa bapa, wa pande mbili tu, Olga Ladyzhenskaya wa Urusi na wenzake walionyesha hapo miaka ya 1950 kwamba haiwezi. Kwa pande tatu, Mfaransa Jean Leray alithibitisha mwaka 1934 kwamba jibu la aina fulani, lenye ruhusa ya kuwa na makunyanzi, lipo daima. Kama ni moja, hakuweza kusema.

Mwaka 2022 Dallas Albritton, Elia Brué na Maria Colombo walichapisha mfano wa kushangaza: maji yaliyotulia kabisa, yakisukumwa na nguvu ileile, na majibu mawili ya aina ya Leray. Siri yao ni kizingia kisicho thabiti kinachokua kutoka ukubwa wa sifuri. Kwa saa ya kizingia hicho, mwanzo uko nyuma bila kikomo, kwa hiyo mtikisiko unapata muda usiokwisha wa kukua kutoka patupu.

Nguvu waliyoitumia si ya pampu wala ya upepo. Imetengenezwa kwa makusudi, na ni kali mno pale mwanzoni. Aidha, jibu likibaki laini halina mpinzani. Anayetafuta majibu mawili bila nguvu ya nje huanza na maji yenye mwanzo mkali, njia waliyoionyesha Hao Jia na Vladimír Šverák. Mwaka 2017 Julien Guillod na Šverák waliipitia kwa kompyuta, wakaona jibu lenye ulinganifu likipoteza uthabiti na mengine mawili yakichipuka pembeni. Hiyo ilikuwa hesabu ya kompyuta, si uthibitisho.