Maji Hayachagui: Rekodi za Wageni Wasioalikwa

Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika, karibu na Ilagala, umekwisha kusomba magamba, mate na kinyesi cha kila kiumbe kilichoyagusa maji yake huko juu. Wanasayansi huchota maji ya aina hii, huyachuja, kisha husoma vinasaba vilivyonaswa ili wajue nani anaishi humo. Mara nyingi hukuta na wasiowatafuta.

Mkongwe wa wote ni mastodoni, jamaa wa tembo. Desemba 2022 ilitangazwa kuwa vinasaba vyake vimo katika mashapo ya kaskazini mwa Greenland, yenye umri wa miaka milioni 2 hivi. Nani angemtarajia huko? Hewani, bustani ya wanyama ya Copenhagen inatia fora: mwaka huohuo watafiti walieleza kwamba walichuja hewa yake wakapata aina 49 za wanyama wenye uti wa mgongo, wakiwamo samaki!

Lakini bingwa wa kudoea ni binadamu. Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Florida, waliokuwa wakifuatilia kasa, walieleza kwamba walinasa vinasaba vya watu mitoni, baharini, hewani na hata kwenye nyayo mchangani. Vingine vilitosha kuonyesha jinsia na asili ya mtu. Hapo mimi sicheki tena. Anayeoga ziwani hajaombwa ridhaa na yeyote.

Ziwa Tanganyika lina ugumu wake. Lina aina kama 240 za samaki wa jamii ya sato, karibu zote hazipatikani kwingine, na ndugu hao hufanana mno. Utafiti uliotoka 2020, ukishirikisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulijaribu seti nne za vianzio vya kunasa vinasaba, moja ikiwa imeundwa mahususi kwa jamii hiyo. Ugumu mwingine: anayetajwa kuwa mkubwa wao duniani ni kuhe, na kuhe huliwa. Akipasuliwa mwaloni, maji yatamtaja hata kama alivuliwa mbali. Hayajui nani alikuja akiogelea na nani aliletwa kwa ndoo.

Mimi ningefurahi zaidi kumpata bunju mkubwa kuliko wote wa maji baridi, mwenye kufikia sentimita 67, anayeishi karibu na mdomo wa Malagarasi. Maji yake yachotwe mbali na mwalo, na chupa moja ya maji safi ipitishwe hatua zilezile. Hiyo ikitoa vinasaba vya kuku, aulizwe mtafiti alikula nini mchana.