Viwiko vya Bomba na Nguvu ya Maji

Fundi anapounga bomba la nyumba hupima kimo cha tangi na urefu wa mabomba, lakini viungo mara nyingi havihesabu. Ndiyo sababu nyumba mbili zilizo katika kimo kimoja, zikipokea maji ya tangi moja, huweza kutofautiana: moja hujaza ndoo upesi, nyingine hudondosha tu.

Maji yaliyotulia hayajali kona. Koki ikifungwa, kanieneo hutegemea kimo cha maji peke yake. Kila mita 10 huleta takriban kilo 1 kwa sentimita ya mraba, hata bomba lipinde mara ishirini. Kwa hiyo geji isomwayo koki ikiwa imefungwa haifichui kasoro hii.

Hasara huanza maji yanapotembea. Yafikapo kwenye kiwiko, ambacho mafundi hukiita elbo, mkondo hubanwa upande wa nje wa kona na kuachana na ukuta wa ndani. Hapo maji huzunguka-zunguka, na nguvu ambayo ingeyasukuma mbele huishia humo ikawa joto dogo lisilohisika. Mwendo wa maji ukiongezeka mara mbili, hasara huwa mara nne.

Kiwiko cha kawaida cha pembemraba huhesabiwa kama bomba nyofu lenye urefu wa vipenyo 30 hivi. Katika bomba la milimita 25 ni sentimita 75. Viwiko 8 katika bomba la mita 6 basi hulifanya liwe kama la mita 12. Vali huweza kuzidi hapo. Geti vali iliyofunguliwa kabisa karibu haizuii kitu, lakini ile ambayo maji hupanda na kushuka ndani ya tumbo lake hufikia vipenyo 340, yaani mita 8.5! Penye nafasi, kiwiko chenye mviringo mpana hufaa zaidi.

Katika bomba kuu la kijiji, lenye kilomita kadhaa, viwiko vichache si kitu; msuguano wa urefu huvimeza. Hatari ya kona huko ni nyingine: maji hukisukuma kiwiko kuelekea nje. Bomba la milimita 300 lenye kanieneo ya kilo 6 kwa sentimita ya mraba husukumwa penye pembemraba kwa nguvu ilinganayo na uzito wa tani 6. Maungio ya kuchomekwa tu huachana, na kijiji kizima hukosa maji. Kwa hiyo kona huegemezwa kwa bonge la zege lililomwagwa hadi kwenye udongo mgumu usiochimbuliwa, nalo huachwa likomae kabla bomba halijajaribiwa.