Mbwa wa Nyumbani Anaweza Kuwa Mkono Wako

Hebu fikiria. Uko nyumbani peke yako, umekaa kwenye kiti cha magurudumu. Simu inakuponyoka mkononi, inaanguka na kuteleza hadi chini ya meza. Unaiona, lakini huifikii. Wenzako wote wametoka na watarudi jioni. Utafanyaje? Utakaa na kungoja, basi.

Sasa mtazame mbwa wako pale mlangoni. Amelala, anakuangalia. Mdomo wa kushikia anao, miguu ya kuifuata simu anayo, na anakupenda. Kitu kimoja tu hana: hajafundishwa. Na habari njema ni kwamba anayeweza kumfundisha ni wewe mwenyewe.

Pengine unasema, "Aa, hayo ni mambo ya Wazungu, na mbwa wao ni wa aina maalumu." Subiri kwanza. Soma hadi mwisho, halafu uamue.

Mbwa wasaidizi walianzia wapi?

Shule ya kwanza inayojulikana ya kufundisha mbwa wa kuwaongoza wasioona ilifunguliwa mjini Oldenburg, Ujerumani, mwaka 1916. Wakati huo Vita Kuu ya Kwanza ilikuwa inaendelea, na askari wengi walikuwa wamepoteza macho. Mwaka 1928 kijana mmoja Mmarekani asiyeona, Morris Frank, alirudi kwao kutoka Uswisi akiwa na mbwa aliyeitwa Buddy. Mwaka uliofuata, 1929, yeye na wenzake wakaanzisha shule ya The Seeing Eye huko Marekani.

Baadaye watu wakajiuliza: kama mbwa anaweza kumwongoza asiyeona, kwa nini asimsaidie mtu ambaye miguu au mikono yake haina nguvu? Mwaka 1975, huko California, kikaanzishwa chama cha Canine Companions kwa kazi hiyo.

Lakini vyama vya namna hii huwalea mbwa wao wenyewe tangu wakiwa wadogo, huwafundisha, kisha huwagawa. Ni kazi ya gharama kubwa na foleni yake ni ndefu. Mtu anaweza kungoja miaka. Na kama tayari ana mbwa wake anayempenda, je? Amwondoe?

Ndiyo maana Uingereza kuna chama cha hisani kinachoitwa Dog A.I.D. Hicho hakikupi mbwa. Kinakupa mwalimu wa kujitolea, naye anakuelekeza WEWE, mwenye ulemavu wa viungo, jinsi ya kumfundisha mbwa wako wa nyumbani. Mafunzo yana ngazi tatu. Anayefaulu ngazi ya tatu anahesabiwa kuwa mbwa msaidizi kamili. Aliyemfundisha ni nani? Ni yule yule ambaye watu walizoea kumwambia, "Wewe kaa tu, tutakufanyia."

Msaidizi kamili ni yupi?

Koti lenye maandishi halimfanyi mbwa kuwa msaidizi, na ukoo wake haumfanyi pia. Kinachomfanya ni kazi. Shirika la kimataifa linaloviunganisha vyama hivi, Assistance Dogs International, linataka mbwa ajue angalau kazi tatu zinazopunguza ugumu unaoletwa na ulemavu wa mwenye mbwa huyo.

Kazi kama zipi? Kuokota kitu kilichoanguka. Kuvuta mlango kwa kamba iliyofungwa kwenye kitasa. Kukuvua soksi au koti. Kuleta magongo. Kubweka au kwenda kumwita mtu unapoanguka. Kubonyeza swichi ya taa kwa pua.

Kwa hiyo, kabla hujamfundisha chochote, chukua karatasi. Kwa wiki nzima andika kila jambo linalokukwamisha. Labda ni soksi. Labda ni funguo. Orodha hiyo ndiyo mtaala wako. Kupeana mkono na wageni ni mchezo mzuri, lakini hakukuondolei shida hata moja.

Mbwa gani anafaa?

Mbwa wa mchanganyiko anaweza kufaa sawa na mbwa wa ukoo. Hata wale tunaowaita mbwa koko wana akili ya kujifunza. Angalia tabia. Anayefaa ni mtulivu, anapenda watu, anapenda kula au kucheza, na akishtuka kwa kelele anarudi katika hali yake haraka. Asiyefaa ni yule anayeng'ata, anayenguruma akiona watoto, au anayetetemeka akisikia pikipiki. Huyo usimlazimishe. Kwake soko ni mateso, na kwa watu wengine yeye ni hatari.

Angalia na mwili. Mbwa mwenye maumivu ya nyonga au asiyeona vizuri hawezi kazi. Mpeleke kwa daktari wa mifugo kwanza. Na kumbuka kwamba mbwa siyo punda. Usimfanye akuburute kwenye kiti siku nzima au akubebe uzito unapoinuka. Utamharibu mgongo na viungo.

Tuanze: somo la kuokota

Weka fimbo pembeni. Mbwa anayepigwa hujifunza jambo moja tu, kukuogopa, na mbwa anayekuogopa hatakuja karibu siku ulipoanguka. Tumia zawadi: vipande vidogo vya nyama ya kuchemsha au dagaa, kila kimoja kama ncha ya kidole. Usimpe chokoleti wala kitunguu, ni sumu kwake.

Chagua pia neno moja fupi la kumwambia "hapo hapo, umepatia". Sema "Ndiyo!" saa ile ile anapofanya sawasawa, halafu toa zawadi. Wengine hutumia kidude cha plastiki kinacholia "tak!" kikibonyezwa. Kazi ni ile ile. Ukichelewa hata kidogo, atadhani amezawadiwa kwa kitu kingine.

Anza na kitu laini, kwa mfano soksi iliyofungwa fundo.

1. Mwoneshe soksi. Akiinusa: "Ndiyo!" Zawadi.
2. Akizoea, ngoja kidogo. Usimpe kwa kunusa tu. Akiigusa kwa mdomo: "Ndiyo!"
3. Kisha mpe anapoishika kwa meno, kwanza kwa sekunde moja, halafu mbili, halafu tano.
4. Weka soksi sakafuni karibu na mguu wako. Akiiinua: "Ndiyo!"
5. Sasa mpe pale tu anapoiachia mkononi mwako. Ikianguka pembeni, ngoja ajaribu tena.
6. Anapofanya bila kukosea, ndipo uongeze neno "Lete". Halafu badilisha vitu: kitambaa, funguo zilizofungwa utepe, gongo, na mwisho simu.

Dakika tatu hadi tano zinatosha kwa somo moja, na unaweza kurudia mara kadhaa kwa siku. Akikwama, rudi hatua moja nyuma. Akikwama si kwamba ni mjinga. Ni wewe mwalimu uliyeruka darasa.

Lugha gani? Yoyote. Wengi wetu tukiona mbwa tunageuka Waingereza, lakini mbwa hajui Kiingereza kuliko Kiswahili. "Kaa", "Lete", "Shika", "Acha" ni maneno mafupi na mazuri. Cha maana ni kwamba nyumba nzima itumie maneno hayo hayo.

Adabu mbele za watu

Hapa ndipo wengi wanaangukia. Nyumbani mbwa ni profesa, akifika dukani amesahau yote. Msaidizi kamili anatembea bila kuvuta kamba. Analala chini ya meza kimya. Anapita penye mfupa bila kuugusa. Harukii watu, habweki ovyo, na anajisaidia pale tu anapoambiwa. Hayo yote hufundishwa kidogo kidogo: kwanza uani, kisha njia isiyo na watu, kisha penye watu wachache, kisha sokoni. Usianze na stendi ya basi!

Kwa jumla, kutoka soksi ya kwanza hadi mtihani wa mwisho, hesabu mwaka mmoja na nusu, miwili, au zaidi. Usidanganywe na mtu anayeahidi wiki sita.

Sheria inasemaje?

Uingereza, Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuhudumiwa dukani au hotelini akiwa na mbwa wake msaidizi, isipokuwa pawe na sababu nzito. Marekani, sheria ya watu wenye ulemavu ya mwaka 1990 inakubali hata mbwa uliyemfundisha mwenyewe, na haidai cheti. Mwenye duka anaruhusiwa kuuliza mambo mawili: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kazi gani? Mbwa wa kukuliwaza tu, asiye na kazi aliyofundishwa, hahesabiwi.

Kwa kuwa ni rahisi hivyo, wako watu wasio na ulemavu wanaonunua koti na kumvisha mbwa wao ili waingie naye popote. Mbwa huyo akimng'ata mtu dukani, anayefungiwa mlango kesho yake ni mwenye shida ya kweli. Usiwe mmoja wao.

Na sheria hizo ni za huko. Hazikufuati hadi Kariakoo wala Kisumu. Kwetu, anza na nyumba yako na uwanja wako. Simu iliyo chini ya meza haihitaji kibali cha mtu.

Majirani, dini na kichaa cha mbwa

Watu wengi wanaogopa mbwa, na wana sababu. Karibu watu wote wanaopata kichaa cha mbwa hukipata kwa kung'atwa na mbwa, na dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona. Kwa hiyo mbwa wako apate chanjo, irudiwe kama daktari wa mifugo atakavyokuelekeza, na kadi yake uitunze. Mtu aking'atwa na mbwa yeyote, aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo akapate sindano za kinga. Asingoje aone kama ataumwa.

Kuna na suala la dini. Familia nyingi za Kiislamu hazikai na mbwa ndani, kwa ajili ya mate yake na usafi wa ibada. Usibishane na wazee. Kaa nao, waeleze kazi ya mbwa, uliza nini kinawezekana. Mwaka 2008 msikiti mmoja mjini Leicester, Uingereza, ulimruhusu kijana asiyeona kufika na mbwa wake, na mbwa akatengewa mahali pa kupumzika wakati mwenzake akiswali. Ufumbuzi ulipatikana kwa mazungumzo.

Na akishindwa?

Inatokea. Hata kwenye vyama vinavyochagua mbwa wao tangu wachanga, wengi hawafiki mwisho. Umefundisha miezi kumi, halafu ikabainika kwamba umati unamtia hofu. Inauma. Lakini mbwa huyo anayeogopa soko bado anaweza kukuletea funguo nyumbani. Hajapoteza kitu, na wewe hujapoteza kitu. Mbwa anayefaulu naye atazeeka. Wengi hustaafu wakiwa na miaka 8 hadi 10 hivi. Siku hiyo usimfukuze. Amekufanyia kazi, apumzike kwako.

Haya basi. Karatasi unayo, soksi unayo, mbwa yuko mlangoni. Mwite.