Geji ya joto kwenye Vitz ya mjomba: kwa nini maji ya Tarime yanachemka kabla ya 100

Likizo iliyopita nilikuwa nyumbani Tarime, na mjomba akaniita gereji. Ana Toyota Vitz anayoitumia kwa safari za Tarime na Mugumu. Kabla ya hapo, Vitz hiyo ilichemsha kwenye mlima baada ya kuvuka Mto Mara. Hedi ikapinda, gasketi ikaungua, na ng'ombe wawili wakaenda mnadani ili injini irudi barabarani.

"Taa nyekundu ilipowaka," aliniambia, "mvuke ulikuwa umeshaanza kutoka kwenye boneti."

Safari hii alikuwa amenunua geji ya joto ya kufunga mwenyewe kwenye dashibodi, ile ya duara yenye mshale na namba. Fundi, kwa busara zake, akataka kuipima kwanza. Akaiunganisha na betri, akatumbukiza sensa kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Mshale ukapanda, ukasimama kwenye 95.

"Mzee, hii feki. Maji yanachemka, yenyewe inasema 95. Rudisha dukani." Kisha akanigeukia mimi: "Wewe wa chuo, maji yanachemka nyuzi ngapi?"

"Mia moja," nikajibu haraka, nikajiona nimemaliza kazi. Kumbe geji ilikuwa sahihi, mimi ndiye niliyekosea.

Sufuria ya Tarime si ya Dar

Maji huchemka pale mvuke wake unapopata nguvu ya kuishinda presha ya hewa iliyo juu yake. Ukiwa Dar es Salaam, usawa wa bahari, nguvu hiyo inapatikana kwenye nyuzi 100 za Selsiasi. Ukipanda juu, hewa inayokukalia kichwani inapungua, na maji yanahitaji joto dogo zaidi ili yachemke. Ziwa Victoria lenyewe liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo hata Musoma maji yanachemka karibu nyuzi 96. Tarime mjini ni takriban mita 1,500. Pale ni nyuzi 95.

Jambo hili si la sufuria tu. Injini ikifanya kazi vizuri, maji yake huwa kati ya nyuzi 85 na 95 hivi. Maana yake, kwenye milima yetu injini inaishi mlangoni kabisa pa kuchemka. Kinachoiokoa ni mfuniko wa rejeta. Tazama mfuniko huo, mara nyingi umeandikwa 0.9 au 1.1. Ile 1.1 inamaanisha kwamba springi yake inazuia presha ya ziada inayozidi kidogo ile ya hewa yote ya usawa wa bahari. Presha hiyo ikishikiliwa, maji ya rejeta hapa Tarime hayachemki mpaka karibu nyuzi 119.

Sasa chukua mfuniko uliochoka, mpira wake umekatika, haushikilii kitu. Umepoteza nyuzi 24 zote za usalama. Dar es Salaam, gari lenye mfuniko mbovu linaanza kuchemsha kwenye 100. Hapa kwetu, 95 inatosha. Kwa hiyo kabla ya kununua geji, kagua mfuniko.

Kwa nini taa haitoshi

Vitz na Passo nyingi hazina mshale wa joto. Zina taa ya bluu injini ikiwa baridi, na nyekundu ikizidi joto. Katikati, kimya. Hata magari yenye mshale wa kiwandani mara nyingi yametengenezwa ili mshale utulie katikati, joto likiwa 80 au 100, dereva asipate wasiwasi. Geji ya kufunga mwenyewe inakupa namba. Ukiona kila siku mlima uleule unakupeleka 92, halafu leo umekupeleka 99, umeshapata taarifa mapema.

Sensa inasema nini

Ndani ya sensa kuna kipande kidogo kinachoitwa themista. Kikiwa baridi, kinauzuia umeme sana. Kikipata joto, kinaulegezea njia. Geji inapima ukinzani huo na kuugeuza kuwa nyuzi. Kumbuka hili, maana tutalirudia: *ukinzani mkubwa, geji inasoma baridi.*

Njia rahisi ya kuifunga ni kwenye mpira wa juu wa rejeta, unaobeba maji yanayotoka kwenye injini. Injini ikiwa imepoa kabisa, mpira unakatwa, kipande cha chuma chenye tundu la sensa kinaingizwa katikati, na klipu zinakazwa pande zote mbili. Usikate wala kuchangia waya wa sensa ya kiwandani. Hiyo inaipa kompyuta ya gari taarifa ya kupimia mafuta, na ukiongeza geji kwenye waya huo unaidanganya kompyuta.

Nyaya za geji kwa kawaida ni nne: moja ya umeme unaokuja ufunguo ukiwashwa (weka fyuzi ndogo karibu na chanzo), moja ya ethi, moja ya taa za dashibodi ili namba zionekane usiku, na moja inayokwenda kwenye sensa. Rangi hutofautiana, fuata karatasi iliyokuja na geji. Pale waya unapopita kwenye ukuta wa chuma kati ya injini na dashibodi, upitishe ndani ya mpira, la sivyo mtikisiko wa barabara ya vumbi utauchuna taratibu.

Kosa linalotokea sana ni la ethi. Sensa nyingi za waya mmoja hutumia mwili wake wa chuma kama ethi. Lakini ile chuma yetu imekaa katikati ya mpira, na mpira haupitishi umeme. Lazima uvute waya kutoka kwenye chuma hiyo mpaka kwenye injini au bodi, mahali palipokwanguliwa rangi.

Geji inakosea kwa kukutuliza

Ethi ikiwa mbovu, ukinzani unaongezeka. Na tulisema ukinzani mkubwa ni nini? Baridi. Injini iko 105, geji inasema 90. Waya wa sensa ukikatika kabisa, mshale unalala chini.

Halafu kuna hatari kubwa zaidi. Sensa haipimi injini, inapima kile kinachoigusa. Mpira ukipasuka mlimani na maji yakaisha, sensa inabaki ndani ya hewa. Hewa haipelekei sensa joto kama maji yafanyavyo. Mshale unaweza kushuka wakati chuma ndani inaungua. Dereva anaona 70, anashukuru, anaongeza mafuta. Dakika chache baadaye, hedi imekwenda.

Ona basi: ethi mbovu, waya uliokatika, maji yaliyoisha. Yote matatu yanasema "poa". Ndiyo maana mshale unaoanguka ghafla ukiwa unapanda mlima ni wa kuogopwa kuliko unaopanda taratibu.

Ukipanda hadi 105, zima kiyoyozi, punguza mwendo, tafuta pa kusimama. Ukianguka ghafla, simama hapohapo palipo salama na uzime injini. Na kwa vyovyote usifungue mfuniko wa moto. Maji yaliyo kwenye nyuzi 110 yametulia kwa sababu ya presha tu. Ukiifungulia, yanageuka mvuke papo hapo, usoni kwako.

Geji ya mjomba haikurudishwa dukani. Tuliifunga jioni ileile, na fundi akavuta waya wa ethi mara mbili ili awe na uhakika. Mjomba amechora alama mbili pembeni kwa rangi ya kucha ya shangazi: moja kwenye 105, nyingine kwenye 75. Nilimuuliza ya chini ni ya nini.

"Hiyo," akasema, "ndiyo iliyokula ng'ombe wangu. Geji ikishuka hapo nikiwa mlimani, nasimama."