Kila Chombo kwa Wimbile: Kuoanisha Spika ya Kiwambo Kimoja, Amplifaya na Chumba

Utangulizi

Waswahili husema kila chombo kwa wimbile. Methali hii ya mabaharia yaweza kumwongoza pia mtafiti wa fasihi simulizi. Mwanafunzi anayenukuu utenzi au wimbo wa taarabu kutoka katika kanda hutegemea sikio lake. Akisikia "samani" pale mwimbaji alipotamka "thamani", ubeti hugeuka maana, na uhakiki uliojengwa juu yake huporomoka. Makala haya yanaeleza spika ya kiwambo kimoja, ambayo husifiwa kwa jinsi inavyoiwasilisha sauti ya binadamu, pamoja na masharti ya kuioanisha na amplifaya na chumba.

Maana ya kiwambo kimoja

Spika nyingi za nyumbani zina viwambo viwili au zaidi: kikubwa cha besi na kidogo cha sauti nyembamba. Kichujio cha umeme huwagawia kazi, mara nyingi kwenye masafa ya hezi 2,000 hadi 3,000. Hapo ndipo penye utata. Nguvu kubwa ya vokali huwa chini ya mpaka huo, ilhali mkwaruzo wa konsonanti kama /s/ huwa juu yake. Neno moja basi hutamkwa na vinywa viwili. Fundi akiwa hodari, mshono hausikiki. Asipokuwa hodari, konsonanti hutengana na vokali yake. Kiwambo kimoja hakina mshono huo.

Wazo hili lina umri mkubwa. Mwaka 1925, Rice na Kellogg wa kampuni ya General Electric, Marekani, walieleza muundo wa spika inayosukumwa na koili ndani ya uga wa sumaku. Nchini Uingereza, Paul Voigt alitumia sumaku yenye nguvu na koni nyepesi, akaongeza koni ndogo katikati ya ile kubwa ili kusaidia sauti za juu. Kampuni ya Lowther iliendeleza kazi yake.

Amplifaya

Kosa la kwanza la wanunuzi ni kudhani kwamba wati nyingi ndizo ubora. Linalopaswa kuulizwa kwanza ni wepesi wa spika wa kuitikia, ambao hupimwa kwa desibeli kwa wati 1 katika umbali wa mita 1. Tuseme spika moja ina desibeli 87 na nyingine 96. Tofauti ya desibeli 9 ni sawa na nguvu mara 8. Kazi ambayo spika ya kwanza huifanya kwa wati 64, ya pili huifanya kwa wati 8 tu. Ndiyo sababu vali ya 300B, ambayo ikiwa moja hutoa takriban wati 8, hupendwa na wenye spika za aina hii.

Suala la pili ni namna amplifaya inavyokishika kiwambo. Amplifaya nyingi za transista zina ukinzani mdogo sana wa kutolea sauti, hivyo hukidhibiti kiwambo kwa mkono wa chuma. Kiwambo chenye sumaku kubwa tayari kimejidhibiti. Kikiongezewa udhibiti huo, besi hukonda na sauti husikika kali. Amplifaya ya vali yenye ukinzani mkubwa kidogo hukilegezea kamba, na besi hurejea kiasi. Hata hivyo, kwa kiwambo chenye sumaku dhaifu ulegevu huo huzaa besi inayovuma ovyo. Hakuna amplifaya bora kwa kila spika.

Chumba

Kiungo cha tatu husahauliwa mno. Sauti nzito huzunguka sanduku la spika na kutawanyika nyuma. Ukuta ukiwa karibu huirudisha kwa msikilizaji, na pembe ya chumba huiongeza zaidi. Voigt alilitumia jambo hili katika miaka ya 1930 alipobuni spika ya kuwekwa pembeni mwa chumba. Mwenye spika yenye besi haba na aisogeze ukutani kidogo kidogo, akisikiliza, kabla hajaenda dukani.

Sauti nyembamba zina tabia nyingine. Kiwambo cha sentimita 20 huanza kuzielekeza mbele kama mwanga wa tochi kuanzia takriban hezi 1,700, kwa kuwa hapo urefu wa wimbi hulingana na upana wa kiwambo. Anayeketi kando hupoteza konsonanti. Spika zielekezwe kwa msikilizaji, na zikizidi ukali zigeuzwe kidogo.

Vyumba vya kuta za saruji na sakafu ya vigae hurudisha mwangwi unaofunika silabi inayofuata. Zulia, mapazia mazito na rafu za vitabu husaidia. Chumba cha mraba ni kigumu zaidi: kikiwa na mita 3 kwa 3, mawimbi ya takriban hezi 57 hukutana pande zote mbili na kuvumisha noti hiyo kupita nyingine.

Mipaka

Kiwambo kimoja hakiwezi yote. Ngoma nzito zikipigwa kwa sauti kubwa hukitikisa na kuivuruga sauti ya mwimbaji iliyo juu ya koni hiyo hiyo. Wala hakirejeshi kilichopotea. Nyimbo za Siti binti Saad zilizorekodiwa Bombay mwaka 1928 zilihifadhiwa katika santuri zenye masafa finyu, na tofauti ya /s/ na /th/ humo ni hafifu tangu mwanzo. Spika njema haiongezi kitu. Wajibu wake ni kutopunguza hicho kidogo kilichobaki.

Hitimisho

Spika, amplifaya na chumba ni mafiga matatu. Moja likiyumba, chungu humwagika. Mtafiti aanze na chumba, achague spika, kisha amplifaya iifuate spika. Halafu amwite mwenzake asiyeyajua maneno ya wimbo, kila mmoja aandike peke yake anachosikia. Wakitofautiana, wasikimbilie kuhakiki. Warudi kwanza kusikiliza.